Kila balaa la safarini tunalicheka. Nitajuaje utani umekwisha na hatari imeanza?

*"Mimi na mume wangu tuna miaka sita ya ndoa. Kila mwaka tunadunduliza fedha na likizo tukatembee dunia: kupanda milima, kupiga kambi, kukata mapori na mabegi mgongoni. Utaalamu hatuna, tuna kiherehere tu. Visa vyetu ndugu na marafiki wanavijua kama nyimbo. Kuna tumbili wa hekalu la Uluwatu, Bali, aliyemnyakua mume wangu miwani mwaka jana, akamkwaruza shavu, akagoma kuirudisha mpaka alipohongwa tunda. Kuna kasuku wa New Zealand waliotutafunia kamba za hema tukiwa ndani tunapiga kelele. Kuna usiku tuliolala kwenye mchanga laini wa korongo kavu, jangwani Arizona, tukazinduka saa tisa kwa sababu viatu vilikuwa vinaelea.*

*Mwaka huu tulikwenda Nepal, njia ya kambi ya chini ya Everest. Tulijisikia vizuri, tukaruka siku zote mbili za mapumziko, ya Namche na ya Dingboche. Tulipofika Lobuche mume wangu alilalamika kichwa, akasema ni kichwa kilichochoka kunisikiliza. Asubuhi aliamka mcheshi kupita kiasi. Alivaa glavu mguuni, akaniita kwa jina la dada yake, akatoka nje anapepesuka kama mlevi. Nilicheka hadi machozi, nikamrekodi video. Mwongozaji wetu hakucheka. Alimwambia atembee kwenye mstari, akashindwa. Muda si mrefu tukawa tunateremka, yeye ameshikwa huku na huku, mpaka kituo cha afya cha Pheriche. Alipewa oksijeni na dawa, tukaendelea kushushwa, akapona.*

*Sasa anataka video hiyo ioneshwe kwenye sherehe ya mdogo wake. Mimi siwezi hata kuifungua. Tumeshalipia safari ya Torres del Paine, Chile, na ananiambia hofu imeniua ucheshi. Dada yangu ananikumbusha kila siku kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha. Je, tuache? Na kama hatuachi, nitajuaje wakati wa kucheka na wakati wa kuogopa?"*

Dada yangu, nianze na jambo ambalo hukuliuliza, maana ndilo la haraka kuliko yote. Yule tumbili. Umesema alimkwaruza shemeji shavu. Ngozi ilichanika? Damu ilitoka, hata tone? Alichanjwa baada ya pale? Kama ngozi ilichanika na hakuchanjwa, acha kusoma hapa umpigie simu, aende hospitali leo na aeleze kwamba alijeruhiwa na mnyama mahali penye kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo uliingia Bali mwaka 2008, na ingawa wanaousambaza hasa ni mbwa, mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kuambukizwa na kuambukiza. Jeraha la namna hiyo huoshwa palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu anakwenda kuchanjwa. Dalili kwa kawaida hutokea baada ya miezi miwili mitatu, lakini zimewahi kuchelewa zaidi ya mwaka, na zikishaanza karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana aliyechelewa kufika hospitali naye hupewa chanjo. Uwezekano ni mdogo, nakubali. Lakini huyo tumbili ndiye bila shaka anayechekwa kuliko wote mezani kwenu, na kisa chake ndicho pekee ambacho huenda hakijaisha.

Sasa turudi Lobuche.

Nikikuelewa, unabeba maswali mawili ambayo yamefungwa kamba moja. La kwanza ni kama muendelee kusafiri. La pili, zito zaidi, ni kwamba ulisimama umeshika simu unamcheka mtu ambaye ubongo wake ulikuwa unavimba, na tangu siku hiyo hujui tena kicheko chako kina thamani gani. Nimeongoza watu milimani na kufundisha huduma ya kwanza ya porini kwa miaka mingi, na naomba uniamini kwa hili: nimeshacheka mtu wa namna hiyo mimi mwenyewe. Alikuwa mteja, mzee mchangamfu, aliyeanza kuhutubia mawe kama wapiga kura. Kikundi kizima kilikuwa kinapiga makofi, nami nikiwemo, mpaka alipojaribu kuketi juu ya kiti ambacho hakikuwepo. Tofauti yangu na wewe ni kwamba mimi nilikuwa nalipwa kwa kutokucheka.

Ili uache kujilaumu inabidi ujue kilichompata. Watu wengi hudhani huko juu oksijeni imepungua hewani. Haijapungua: ni asilimia 21 ileile ya ufukweni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Lobuche iko takriban mita 4,900 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo pale ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni zaidi kidogo ya nusu. Mwili una njia za kuzoea, ila unazifuata kwa mwendo wake. Unaanza kupumua haraka, figo zinarekebisha kemia ya damu, na siku zikienda unaongeza chembe nyekundu za damu. Kazi hiyo huchukua siku, na mapafu ya mkimbiaji hayaiharakishi. Hapo ndipo vijana wenye mazoezi wanapoumia: miguu yao inawafikisha mapema mahali ambapo damu yao haijafika.

Hesabu ya safari yenu naiona hata bila kuwauliza. Wengi hulala Phakding, mita 2,610, kisha Namche, mita 3,440, halafu Tengboche, Dingboche na Lobuche. Mkiondoa siku mbili za mapumziko, mmepanda karibu mita 2,300 kufikia usiku wa nne baada ya Phakding. Kanuni tunayofundisha ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku tatu au nne uwe na siku ambayo mahali pa kulala hapapandi kabisa. Mchana unaweza kutembea juu zaidi ya hapo, mradi ushuke kulala. Siku za Namche na Dingboche hazikuwekwa kwenye ratiba ili watu wafue soksi.

Mwili usipopewa muda huanza na kichwa. Kichwa kinauma, chakula hakipiti, uchovu, kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu. Huo ni ugonjwa wa mwinuko wa kawaida, na mara nyingi mtu akikaa palepale bila kupanda zaidi hupona kwa siku moja au mbili. Mtu akiupuuza, kwa baadhi mishipa ya ubongo huanza kuvuja maji, ubongo ukavimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Sehemu inayoratibu mwendo na mizani huumia mapema, kwa hiyo mtu anapepesuka. Kisha maamuzi, kisha majina ya watu. Mumeo alikuita jina la dada yake. Hali hiyo inaweza kuua ndani ya saa 24, na tiba yake ya kwanza ni kushuka. Oksijeni na dawa vinasaidia mtu ashuke akiwa hai, haviwi badala ya kushuka. Mwongozaji wenu alifanya kazi yake barabara. Kama hamjamtumia salamu za shukrani, mtumieni.

Kipimo alichokitumia unaweza kukijifunza leo sebuleni. Mtu anatembea kwenye mstari ulionyooka hatua kumi hivi, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mzima aliyechoka atayumba kidogo, atacheka, atarudia, atafaulu. Mgonjwa atatoka nje ya mstari na akirudia atatoka tena. Mumeo na akifanye akiwa mzima, ili ujue yumba yake ya kawaida ikoje. Kuna watu hawawezi mstari huo hata wakiwa ufukweni.

Sasa lile swali lako la kweli: utatofautishaje ucheshi na ugonjwa, kwa mtu ambaye maisha yake yote ni mchekeshaji? Hapa sikupi sayansi, nakupa nilichokiona mara nyingi. Mcheshi hukutazama. Akivaa glavu mguuni kwa utani, jicho lake litakuja kwako kabla glavu haijafika kisiginoni, kwa sababu utani ni bidhaa na wewe ndiye mnunuzi. Atasubiri kidogo, ataongeza chumvi ukicheka, ataacha usipocheka. Mgonjwa havai glavu kwa ajili yako. Anaivaa kwa sababu anaamini ni soksi, na ukicheka anakushangaa, au anacheka naye nusu sekunde baadaye bila kujua wanachekea nini. Siku utakayopata moyo wa kufungua ile video, ifungue mara moja tu na utazame macho yake, usitazame miguu. Nadhani utaona kwamba hakukutazama hata mara moja.

Jambo hili litawafaa zaidi huko mnakokwenda, maana Torres del Paine haina mwinuko wa kuogopesha. Hata njia ndefu inayozunguka milima yote inavuka mahali pa juu kabisa penye mita 1,200 hivi. Ubongo hautavimba pale. Adui wa pale ni upepo na maji. Kiangazi cha kusini, ambacho ndicho msimu wa watalii, upepo unaopita kilomita 100 kwa saa si habari ya gazetini, na mvua inakuja ubavuni. Watu hudhani mtu hufa kwa baridi kwenye barafu. Wengi hupoa hatari kwenye nyuzijoto 5 au hata 10, wamelowa, wamechoka, na koti la mvua liko chini kabisa ya begi kwa sababu asubuhi kulikuwa na jua. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa tulivu ya baridi ileile. Nguo iliyolowa ikipigwa na upepo inafanya kazi hiyo mchana kutwa bila kukuomba ruhusa.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hubadilika kwa namna ambayo mke wa mchekeshaji anaweza kabisa kuikosea. Anajikwaa. Anaangusha vitu, zipu inamshinda. Anabwabwaja. Ananuna bila sababu, au anachangamka bila sababu. Kwa wenzi wawili hiyo dalili ya kununa ndiyo yenye hila kuliko zote, kwa kuwa mtu anadhani ni ugomvi wa ndoa. Nimeona mume amekaa kwenye jiwe, hataki koti, hataki chai, anasema 'niache', na mkewe amemwacha kweli, ameenda mbele mita hamsini akiwa na hasira zake. Hakuwa amenuna. Alikuwa anapoa. Tulipomvisha nguo kavu na kumlisha vitu vitamu, nusu saa baadaye aliomba radhi kwa maneno ambayo hakukumbuka kuyasema.

Anayetetemeka sana bado mwili wake unapigana, na unaweza kumsaidia: mtoe kwenye upepo, mvue vilivyolowa, mvishe vikavu, mtandikie kitu kinene chini kwa sababu ardhi inanyonya joto, mpe kitu chenye sukari kama anaweza kumeza mwenyewe. Asipewe pombe, inafungua mishipa ya ngozi na kumwaga joto lililobaki. Asisuguliwe mikono na miguu. Ambaye ameacha kutetemeka ilhali hujampasha joto, au haelewi unachomwambia, huyo ni dharura: mlaze, mfunge vizuri dhidi ya baridi, mshike taratibu kama yai, na uite waokoaji. Wapo hata wanaoanza kuvua nguo kwenye baridi kali kwa sababu wanahisi joto. Hapo napo wasiojua hucheka.

Dada yako na methali yake nampa heshima, lakini simpi ushindi wote. Mzaha haukuwapandisha Lobuche haraka. Kilichowapandisha ni kuruka mapumziko, na mngeweza kuyaruka mkiwa mmenuna vilevile. Mzaha wenyewe ni chombo cha safari kama kamba na tochi. Meli ya Ernest Shackleton, mvumbuzi wa nchi za barafu, ilipopondwa na barafu ya Antaktika mwaka 1915, aliwaamuru watu wake watupe karibu kila kitu, kila mmoja abaki na vitu vyake visivyofika kilo moja. Lakini banjo ya mtaalamu wao wa hali ya hewa, Leonard Hussey, ilibebwa. Shackleton aliihesabu kama dawa. Walikaa miezi kwenye barafu na ufukwe mtupu wakiimba na kutaniana, na watu wote 28 wa meli hiyo wakaokoka.

Hata kwa ndoa kuna ushahidi. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walichapisha majaribio ambamo waliwafunga wenzi pamoja, kifundo cha mkono na cha mguu, wakawaambia watambae kwenye mikeka ya mazoezi, wavuke kizuizi, huku wamebana mto kati ya miili yao bila kuushika kwa mikono wala meno. Wenzi wengine walipewa kazi ya kawaida isiyo na msisimko. Baada ya dakika saba tu, waliotambaa waliripoti kuridhika na mahusiano yao zaidi. Mimi nikiisoma habari hiyo naona watu wawili wanaosimamisha hema kwenye upepo. Kwa hiyo usidhani miaka sita ya visa vyenu ilikuwa upuuzi. Ilikuwa inawashona pamoja.

Ila kicheko kina tabia moja mbaya, nayo ndiyo ninayotaka uikamate. Kinahariri. Kisa cha korongo kavu kinasimuliwa kuanzia viatu vilipoelea, maana hapo ndipo panapochekesha. Hakisimuliwi kuanzia saa kumi na mbili jioni, mlipotazama mchanga laini, tambarare, usio na mawe, mkasema 'kitanda hiki'. Mchanga ule ulikuwa laini na tambarare kwa sababu maji ndiyo huulaza pale. Agosti 1997, hukohuko Arizona, watu 11 walifariki katika Antelope Canyon kwa mafuriko ya ghafla. Mvua iliyowaua ilinyesha mbali, juu ya mkondo, na pale walipokuwa haikuwa na uzito wa kumtisha mtu. Nyinyi maji yaliwafika yakiwa yamebaki nguvu ya kuelesha viatu. Hamkuwa hodari kuliko wale 11. Na kila mnapokisimulia kisa hicho mkacheka, kichwa kinaandika kimyakimya: tulilala korongoni, tukapona. Baada ya visa vitatu vinne vya aina hiyo mtu anakuwa na uzoefu mkubwa wa bahati, akadhani ni uzoefu wa pori.

Dawa ninayowapa wenzi wanaosafiri ni ndogo na haigharimu kitu. Jioni, mkiwa mmeshakula na mko salama, simulieni balaa la siku hiyo mara mbili. Mara ya kwanza mkicheka, kama mlivyozoea, shemeji apewe uwanja wake. Mara ya pili bila kucheka, mkirudi nyuma mpaka mpate uamuzi wa kwanza ambao ungeweza kuwa tofauti. Korongoni uamuzi huo ni kuchagua mchanga. Nepal ni asubuhi ya Namche. Kwa wale kasuku, kwa kweli sioni uamuzi. Hao ni kea, ndege wenye akili na midomo ya chuma, na mpira au kamba kwao ni mchezo. Hicho kisa kichekeni mpaka uzeeni.

Pili, gawaneni macho. Miaka ya 1920 Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, mke na mume, waliishi miaka kadhaa kwenye ziwa la kreta huko Marsabit, Kenya, wakipiga picha za tembo, faru na simba. Martin alizungusha mpini wa kamera. Osa alisimama na bunduki akimwangalia mnyama. Siwasifu kwa kila walichokifanya, nyakati zile zilikuwa na mambo yake. Lakini walijua kwamba anayetazama ndani ya kamera hana macho ya kitu kingine. Lobuche ulikuwa umeshika kamera, na ndiyo maana mwongozaji aliona kabla yako. Mahali penye hatari, mmoja akirekodi, mwingine kazi yake ni kutazama tu. Na kama anayerekodiwa ndiye mwenye tatizo, basi simu inawekwa mfukoni.

Tatu, chagueni neno moja ambalo likitamkwa na yeyote kati yenu, mnasimama na kugeuka, bila kujadiliana. Majadiliano yanafanyika chini. Sababu yake unaijua sasa: mahali ambapo neno hilo linahitajika, mmoja wenu huenda hana tena ubongo wa kujadili. Napendekeza neno 'punda', na mpe shemeji historia yake, ataipenda. Januari 1909, miaka michache kabla ya ile habari ya banjo, Shackleton alikuwa amebakiza kilomita 180 hivi afike Ncha ya Kusini, mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kufika. Akapiga hesabu ya chakula kilichobaki, akageuza. Aliporudi alimwambia mkewe, Emily, kwamba alidhani angependelea punda aliye hai kuliko simba aliyekufa. Huo nao ni utani wa mume kwa mke kuhusu balaa la safari. Ila aliutoa sebuleni, akiwa ameshageuka.

Kuhusu kuendelea au kuacha, nitakueleza ninavyoona. Kuacha kabisa si lazima, na nahofia mkiacha kwa ajili ya hofu hii mtakaa nyumbani mkidaiana. Kuendelea kama zamani, hapana. Njia ya katikati ni hii ya Torres del Paine, kwa bahati mmeichagua vyema: haina mwinuko, njia zake zimewekwa alama, kambi zinalipiwa na kupangwa mapema. Ni mahali pazuri pa kujifunza upya kuaminiana. Nguo kavu za kulalia ziwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji na zisiguswe mchana hata mtu alie. Koti la mvua liwe juu ya begi. Na jiko la gesi liwashwe pale tu palipoandikwa kuwa panaruhusiwa, kwa sababu moto mkubwa wa mwaka 2005 katika hifadhi hiyo ulianza na jiko dogo la mpiga kambi aliyekuwa mahali pasiporuhusiwa, ukateketeza zaidi ya hekta 10,000. Kwa upepo ule hakuna kisa cha kuchekesha chenye moto ndani yake.

Milima mirefu nisingeifunga milele, lakini ningeiweka kando mpaka shemeji amwone daktari anayeelewa magonjwa ya mwinuko. Aliyewahi kuvimba ubongo hana ruhusa ya kubahatisha mara ya pili. Daktari anaweza kumwandikia asetazolamidi, dawa inayosaidia mwili kuzoea, naye ndiye ataamua kipimo na kama inamfaa, hasa akiwa na mzio wa dawa za salfa au ugonjwa wa figo. Dawa haifidii ratiba mbovu. Bima ya safari nayo isomeni kabla ya kulipa: nyingi zina kikomo cha mwinuko, na helikopta ya uokoaji bila bima ni deni la miaka.

Usisubiri safari nyingine kumpeleka hospitali kama tangu Nepal ana kichwa kisichoisha, anasahau kuliko zamani, au bado anayumba. Na wewe je? Kama unaamka usiku unamwona pale Lobuche, kama moyo unakwenda mbio ukiona simu yenye ile video, na imepita zaidi ya mwezi haipungui, hilo nalo ni jeraha la safari na lina wataalamu wake. Zungumza na mshauri nasaha au mwanasaikolojia ana kwa ana. Mwende wote wawili ikiwa hata huko nyumbani, kwenye mambo yasiyo na mlima wala hema, kila unapomwambia 'naogopa' anakujibu kwa kichekesho. Hapo tatizo litakuwa limeshatoka porini, na mimi wa milimani si mtu sahihi wa kulitibu.

Nadhani lakini shemeji ana hofu kuliko wewe. Hakumbuki asubuhi ile, au anaikumbuka kwa vipande, na video ndiyo kitu pekee kinachomwonesha alikuwaje. Kuionesha kwenye sherehe ni njia yake ya kuifanya iwe kisa kama cha tumbili. Mwambie hivi, kwa upole: 'Siku ile wewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo.' Umsimulie ulichokiona, kuanzia kichwa cha usiku ule hadi Pheriche, bila kumpa nafasi ya kuchomeka utani mpaka umalize.

Video msiifute. Sherehe ni ya mdogo wake, haihusiki. Aende nayo kwa daktari, sekunde zile za kupepesuka zitamweleza daktari mambo ambayo yeye mwenyewe hawezi kumsimulia.